Vidonge Viwili na Birika la Mzee Kassimu

Leo nimeaibika, na nimeaibika kwa utaratibu.

Naandika haya kanzu yangu ikiwa bado kwenye kamba, inachuruzika. Nimeona niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine wameshaanza kuongeza chumvi. Kuna mmoja huko gereji anasema nilivua nguo. (Sikuvua. Tuanzie hapo.)

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu ni kushona viti vya magari hapa Buyenzi, na wanajua sifanyi jambo kabla ya kulisoma. Ambalo hamkulijua ni kwamba mwaka jana, nilipokwenda Ubelgiji kumtembelea mdogo wangu, alinipeleka kutembea msituni, na huko kupe akaniuma. Nilirudi Bujumbura na homa. Nikatibiwa malaria. Homa ikarudi, nikatibiwa malaria tena. Mwishowe daktari mmoja akaniuliza kama niliwahi kuona duara jekundu kwenye ngozi. Nikamwambia ndiyo, pajani, nilidhani ni baridi ya kwao. Ikagundulika ni ugonjwa wa Lyme.

Nilimeza antibiotiki zote mpaka ya mwisho. Homa ikaondoka. Uchovu ukabaki, pamoja na magoti yanayolalamika nikikaa chini muda mrefu.

Daktari alinieleza vizuri sana: "Hakuna vitamini inayotibu Lyme. Kula vizuri, lala, tembea. Kidonge cha kuongeza nguvu nunua kile tu ambacho kipimo cha damu kimeonyesha unakihitaji." Kipimo changu hakikuonyesha upungufu wowote wa maana. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Kisha nikaenda nyumbani kusoma.

Nilisoma wiki nyingi. Kwenye simu kuna watu wanaoumwa kama mimi, kila mmoja ana kabati zima la makopo, na bei ya kopo moja ingenunua ngozi ya kiti kizima cha gari. Nikaanza kupunguza. Vitamini D: jua la Bujumbura halijawahi kuuzwa. Magnesi: maharagwe na lengalenga, yaani mchicha. Mafuta ya samaki: ndagala, dagaa wa ziwa letu, tena wabichi kutoka Kajaga. Hapo ningeishia, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Sikuishia hapo. Ilibaki vitamini B, ambayo mtandaoni wanaisifu kwa uchovu. Farmasi walikuwa na makopo mawili. La kwanza ghali, lina namba ndogo ya miligramu. La pili nafuu, lina vitamini moja tu ya jamii hiyo, B3, lakini namba yake ni kubwa mno. Nikalinganisha. Bei ndogo, namba kubwa. Nani angechagua vingine? Karatasi ya ndani niliisoma yote. Ilisema baadhi ya watu huweza kupata joto na kuwashwa kwa muda, hasa tumbo likiwa tupu. Nikasema moyoni: baadhi ya watu.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Dada yangu Zaituni ni mjane, anakaa Kanyosha. Mtoto wake wa pekee, Idi, amempenda Mariamu, binti wa Mzee Kassimu wa hapa Buyenzi, yule mwenye duka la vipuri. Leo ndiyo ilikuwa siku ya posa, na mimi, mjomba, ndiye mshenga. Nilichaguliwa kwa sababu ninajulikana kwa utulivu. (Shikeni neno hilo, utulivu.)

Asubuhi Zaituni alinivuta pembeni, kwangu, kabla hatujatoka.

"Rama, mambo mawili tu. Moja, ule ugonjwa wako usiutaje. Wakisikia kupe, watasema ukoo wetu unalala na ng'ombe. Wataogopa kutupatia mutoto wao."

"Sitautaja."

"Pili, chumba. Mi nimejenga kile chumba cha Idi na mke wake kwa mikono yangu. Mzee Kassimu anataka bwana-harusi ahamie kwao. Mahari, nguo, siku ya harusi, yote we kubali. Hilo moja, apana. Mi sitaki kuzeeka nikiongea na kuku."

Alisema hivyo akicheka, lakini aliutazama ukuta badala ya kunitazama mimi. Mimi nimekiona hicho chumba. Dirisha lake linatazama jiko la dada, ili wanawake wawili wapike huku wakisemezana. Nikamwambia, "Dada, niachie mimi."

Sikuwa nimekula. Hiyo nayo ni desturi: mwenda kuposa haendi ameshiba, maana posa ikikubaliwa sahani zitajaa, na mshenga anayedokoa pilau la wakwe amewatukana. Nilikuwa na njaa, magoti yananiuma, na mbele yangu kikao cha kukaa mkekani. Nikafungua kopo. Karatasi ilisema kimoja. Nikafikiri kuhusu mkeka. Nikameza viwili.

Tukaondoka kwa miguu, mimi, Idi na wazee wawili wa upande wetu, wanawake wakitufuata nyuma na Zaituni mbele yao. Kanzu yangu mpya. Kofia imenyooka. Mafundi wa gereji wakaacha spana kutusalimia. Niwaambie ukweli, nilijipenda.

Kwa Mzee Kassimu lazima muelewe jambo moja, bila hilo hamtaelewa aibu yangu. Katika ukoo wake, kati ya wageni na wenyeji huwekwa birika la maji na beseni. Mwenye nyumba akilikubali ombi, anachukua birika mwenyewe na kumnawisha mshenga mikono. Ndiyo jibu. Lakini mshenga akilishika birika yeye mwenyewe, hapo anasema: maneno yamekwisha, tumekubali masharti yenu kama mlivyoyataja. Kwa hiyo mshenga mwenye akili hukaa mbali na birika kama anavyokaa mbali na nyoka. Njiani niliwaeleza wazee wetu jambo hilo mara kadhaa. "Hata mkono usiuelekeze kule," niliwaambia.

Tena Mzee Kassimu ana sifa yake. Aliwahi kurudisha posa nzima kwa sababu mshenga alinuka bia. Hakumwambia neno. Alifungua mlango tu, akaushikilia mpaka wa mwisho alipotoka.

Tukakaribishwa, tukakaa. Wanawake wetu wakabaki uani, chini ya dirisha lenye pazia, ambako husikia kila kitu na kujifanya hawasikii. Mzee Kassimu akakaa mbele yangu na ndugu zake. Pembeni, juu ya mkeka wake mwenyewe, alikaa mama yake, Bibi Hadija, mkongwe ambaye ndiye mwenye desturi zote za nyumba ile. Katikati, birika. La shaba, limesuguliwa mpaka linang'aa. Maji baridi. Nilijua ni baridi kwa sababu birika lilikuwa limetoka jasho kwa nje.

Nikaanza salamu. Dua ikasomwa. Nikasema maneno niliyoyaandaa, kuhusu ua zuri lililoonekana katika bustani ya jirani. Yalipokewa vizuri. Mzee mmoja wa kwao hata akainamisha kichwa kwa kuridhika.

Hapo kifua kikapata moto.

Mwanzoni kidogo, kama mtu aliyefunuliwa sufuria karibu. Halafu moto ukapanda shingoni. Nikafikiri: ni joto la chumba. Ukafika masikioni. Nikafikiri: homa. Lyme imerudi. Imerudi leo, hapa, mbele ya watu. Moyo ukaanza kwenda mbio. Nikaiona antibiotiki ikianza upya, nikamwona daktari akitikisa kichwa, nikajiona nimelala na Zaituni akinipepea.

Kisha ngozi ikaanza kuwasha, mwili mzima kwa wakati mmoja, kana kwamba nimevishwa kanzu ya siafu. Na ndipo ile karatasi ikanirudia kichwani neno kwa neno. Joto na kuwashwa kwa muda. Hasa tumbo likiwa tupu. Baadhi ya watu.

Mimi ndiye baadhi ya watu.

Kujua hakukunisaidia. Kuliniongezea mateso. Nilijua kitapita. Nilijua hakiui. Nilijua pia kwamba siwezi kukieleza bila kusema nimemeza nini, na nimemeza kwa ajili ya nini, na hapo kupe angeingia sebuleni na ng'ombe wake wote. Nikikaa kimya, je? Masikio yameiva, jasho linatiririka, macho yanametameta. Nani anaonekana hivyo asubuhi, kama si mlevi?

Mzee Kassimu aliinama mbele kidogo.

"Mushenga, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa, mzee wangu."

"Naona jasho."

"Ni furaha."

Idi alinitazama. (Jamani, 'ni furaha'. Wiki tatu za kuandaa maneno!)

Nikajikuna kiwiko kwa siri. Kosa. Ukikuna kimoja, vingine vyote vinadai haki yao. Nikakuna shingo. Nikakuna chini ya kofia. Nikasugua mgongo ukutani taratibu, kama mtu anayetafuta mkao. Mzee Kassimu akajongea zaidi, akaleta uso wake karibu na wangu.

"Hebu pumua."

"Mzee?"

"Pumua."

Mbele ya wazee wote, mtu wa umri wangu, nikampulizia pumzi mkwe mtarajiwa wa mpwa wangu. Mzee Kassimu akanusa. Akafikiri. Akanusa tena.

"Hanuki," akawaambia nduguze, kwa sauti ya mtu ambaye hajaridhika lakini hana ushahidi. Akarudi mahali pake. "Basi tuendelee. Binti yangu ni kitinda mimba. Mama yake hajawahi kulala bila kumsikia akikohoa chumba cha pili. Mahari hatutasumbuana. Sharti langu ni moja tu: wakae hapa, Buyenzi, kwangu. Chumba kipo. Mushenga, unasemaje?"

Ilikuwa zamu yangu. Jibu nilikuwa nalo, limekaa tayari ulimini: "Mzee wetu, kila mama ana masikio yake, na yule wa Kanyosha naye anataka kumsikia mtu akikohoa." Jibu zuri. Nalikumbuka hata sasa. Nikafungua mdomo.

Na moto ukafika utosini.

Sijui niwaelezeeje. Ilikuwa kama mtu amenimiminia chai ya tangawizi kichwani na kuisugua. Chumba kikawa na kitu kimoja tu ndani yake, birika, na tone moja la maji lilikuwa linateleza taratibu kwenye shaba. Nikalitazama lile tone. Nikajiambia, Ramadhani, hapana. Nikajiambia kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa. Mikono yangu haikuelewa hata lugha moja.

Nikalishika birika kwa mikono miwili. Nikavua kofia. Nikajimiminia lote, kichwani, shingoni, ndani ya kanzu, mpaka tone la mwisho. Na (hili ndilo linaloniuma kuliko yote) nikasema, "Ahhh."

Maji yakatiririka mkekani.

Kisha ndugu mmoja wa Mzee Kassimu akapiga kofi pajani. "Amelishika! Amekubali!"

Vigelegele vikalipuka uani. Na ndani ya vigelegele hivyo niliisikia sauti ya dada yangu Zaituni, ya juu kuliko zote. Alikuwa hajui. Alidhani tumeshinda. Alikuwa anashangilia chumba chake kikibaki kitupu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba aibu ina ghorofa, na mimi nilikuwa bado ya chini.

"Wazee," nikasema, maji yakidondoka puani, "sikukubali."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Umelishika birika," akasema Mzee Kassimu. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Nililishika kwa sababu nilikuwa naungua."

"Unaungua na nini? Pombe hakuna. Moto hakuna. Mutu anaungua na nini?"

Nikatazama pazia. Nikamkumbuka Zaituni akiutazama ukuta. Nilikuwa nimemwahidi mambo mawili, na kuliokoa la pili ilibidi nilichinje la kwanza. Nikavuta pumzi.

"Nilimeza vidonge vya vitamini. Viwili. Bila kula. Kwa sababu mwaka jana, Ubelgiji, niliumwa na—"

"RAMA!" ikaja sauti kutoka dirishani. "Nimekwambia usiseme!"

Pazia zima likaanguka. Nyuma yake kulikuwa na nyuso za wanawake kama kumi na mbili, na wa mbele ni dada yangu, mkono bado umeshika kitambaa.

Nikasema yote. Kupe, msitu, duara jekundu, malaria ambayo haikuwa malaria, antibiotiki, makopo mawili ya farmasi, bei ndogo na namba kubwa. Nilisema kwa mpangilio. Sijui kusema vingine. Nilipomaliza, ndugu mmoja wa Mzee Kassimu alisogeza mkeka wake nyuma kidogo.

Zaituni hakungoja kukaribishwa. Akaingia sebuleni, ambako mwanamke wa upande wa mume haingii kabla ya jibu, akamkazia macho yule aliyesogea.

"We, rudi pale. Kupe alimuuma huyu. Huyu hajamuuma mutu."

Wa kwanza kucheka alikuwa Bibi Hadija, kule pembeni. Alicheka kimya, mabega yakitikisika, kisha akainua mkono, na wote wakanyamaza.

"Kassimu," akasema, "desturi inasema nini? Maji ya wapi?"

"Mama, amelishika birika. Wote tumeona."

"Kushika hata paka anashika. Nauliza maji ya wapi."

"Ya… kichwani."

"Maji ya mikono ni neno. Maji ya kichwa ni kuoga." Akanigeukia. "Baba, we umeoga?"

Nikatazama kanzu yangu. "Nimeoga, bibi."

"Ameoga. Kuoga si kukubali. Jaza birika upya."

Wakabishana. Nawaapia, wazee wenye mvi walibishana kwa uzito kama mahakamani, iwapo maji yaliyotiririka kutoka kichwani yakapita kwenye mikono yanahesabika kuwa ya mikono. Mmoja akaomba nionyeshe viganja. Nikaonyesha. Vimelowa. Mwingine akasema vimelowa kwa kufuta uso, hiyo si nia. Mimi katikati nimeinua mikono juu, natetemeka, na ngozi bado inawasha. Hakuna aliyenipa hata taulo, kwa sababu nilikuwa kielelezo.

Bibi Hadija akashinda. Lakini akatoa na hukumu nyingine: mshenga aliyekwisha kuoga hawezi kuendelea kusema. Mdomo wake umelowa. Basi nani atasema?

"Mwenye chumba," akasema bibi, akamwonyesha Zaituni.

Dada yangu, ambaye hakuandaa kitu, akapiga magoti mbele ya Mzee Kassimu. Hakutaja ua wala bustani.

"Baba Mariamu, mi ni mjane. Nimejenga chumba, nimekimaliza. Nipe mutoto nikae naye. Kila Ijumaa nitamleta mwenyewe kwa mama yake. Na akipata mimba, atakuja kujifungulia hapa, na mi nitakuja kulala hapo mlangoni mpaka nimuone mujukuu."

Mzee Kassimu akamtazama mkewe, ambaye sasa alikuwa dirishani pamoja na wenzake. Mkewe akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaitikia kwa kichwa.

Birika likarudi limejaa. Mzee Kassimu akalichukua. Akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati, akamnawisha dada yangu mikono.

Vigelegele vya safari hii vilikuwa vya kweli. Hata mimi nilitaka kupiga, sema nilikuwa bado najikuna.

Bibi Hadija akaamuru niwe wa kwanza kupakuliwa pilau. "Mpeni huyu ale kabla hajawaka tena." Nikala sahani tatu, nimevaa shuka ya Mzee Kassimu, na kila nilipoweka kijiko chini bibi alisema, "Endelea." Moto ulikuwa umeshatoka. Ulitoka wenyewe, kama karatasi ilivyosema. Karatasi ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Jioni hii Buyenzi nzima inajua ninaumwa nini. Hakuna aliyekimbia. Wanakuja. Jirani ameleta habasoda. Mwingine unga wa mlonge. Fundi wa breki ameleta asali kwenye chupa ya mafuta ya breki (ameapa ameiosha). Wote wanasema, "Kunywa hii, bei bure." Nimeshukuru, nimepanga vyote juu ya kabati pamoja na lile kopo la namba kubwa, na kesho nitakwenda kumuuliza daktari, yaani nitafanya mwisho jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Ndagala aliowaleta mama Mariamu tu ndio niliowala bila kusubiri ruhusa.

Zaituni amepita hapa kabla ya kurudi Kanyosha. Alisimama chini ya kamba, akaikamua kanzu yangu kidogo kwenye pindo, akasema, "Mushenga wangu." Basi. Akaondoka akicheka peke yake barabarani, na nilimsikia mpaka kona ya msikiti.

Yeye ana haki. Ninyi wengine, nawaomba msicheke. Na asiyeweza kujizuia, walau asicheke tumbo likiwa tupu.